Maneno ya Mlangoni

Fundi alisikia kicheko kabla hajamaliza kuvua viatu.

Kilitoka mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wa kahawia, na kilikuwa kicheko cha mwanamume wake. Si kile cha kuguna puani ili mtu asionekane hana adabu. Ni kile cha tumboni, kinachoanza kwa kikohozi kidogo na kuishia kwa kuvuta pumzi kwa nguvu. Miezi kumi alikuwa hajakisikia. Miezi kumi alikuwa akija katika nyumba hii kila Jumamosi alasiri, anakaa kwenye kigoda kando ya mlango ule, anasimulia vituko vya wateja wake, anajichekesha mwenyewe, na kutoka ndani anaambulia "mhm" mbili na "asante" moja. Leo kicheko kimetoka kizima kizima, na aliyekitoa si yeye.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke. Ilisema kitu upesi upesi, na Mwalimu, mchumba wake, akacheka tena.

Kiatu kimoja kilibaki mguuni.

"Mama," Fundi akamgeukia mama mkwe wake mtarajiwa, aliyekuwa amesimama sebuleni na kapu la nguo zilizoanuliwa. "Kuna nani mle ndani?"

"Nani aingie mle, mwanangu? Mimi niliyemzaa sijaingia." Mama aliweka kapu mezani. "Ni simu hiyo. Yule mwenzake wa katuni."

"Mwenzake."

"Ndivyo anavyomwita. Sijui Nukta, sijui nani. Si unajua wanatafsiri hizo katuni za Kijapani? Tangu asubuhi wanabishana, mara wanacheka. Mimi nimemshukuru Mungu. Nimesema leo angalau anatoa sauti."

"Hata mimi namshukuru Mungu," alisema Fundi, na uso wake haukuwa wa mtu anayemshukuru yeyote.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Wivu ungempanda hata malaika. Mwalimu alikuwa akifundisha hesabu sekondari, na Fundi alimjua kwa shati kabla ya kumjua kwa jina. Alimletea mashati manne, yote yamechakaa pindo la mkono wa kushoto tu, kwa sababu mkono aliouandikia ubaoni ulifuta ulichoandika na kuondoka na chaki. Fundi alibadilisha mapindo, akabadilisha na vifungo ambavyo havikuwa na tatizo lolote, ili mtu arudi mara mbili. Akarudi mara tisa. Mara ya kumi alikuja kuchumbia.

Kisha ikawa ile siku mbele ya darasa. Sauti ilimkauka katikati ya sentensi, akasimama na chaki mkononi, jasho linamtiririka, wanafunzi hamsini wanamtazama. Mmoja akarekodi. Kufika jioni, simu za mji mzima zilikuwa zinamcheka. Hakujifungia siku hiyo. Alikwenda kazini wiki mbili zaidi. Baadaye akawa anafika dukani tu, baadaye uani tu, na asubuhi moja mlango wa kahawia haukufunguliwa. Harusi ilikuwa imebaki miezi miwili. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepata masomo nje ya nchi, na majirani wakawa wanatuma salamu kwa sauti kubwa huko huko dirishani kwake, naye anazisikia zote.

"Kaka yako anapita saa ngapi?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saa kumi na moja."

Wote wawili wakatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na robo.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa. Kwa miezi kumi hakumtaja Mwalimu kwa jina wala kwa cheo, alisema tu "yule mtu wako", na wiki hii alisema neno la mwisho. Kesho wazee wa Bwana Vipuri, mwenye duka la vipuri vya magari, mjane mwenye heshima zake na meno yake yote, watakuja kupata jibu la posa yao. "Sisemi yule mtu wako aje kwangu," Kaka alimwambia. "Mimi mwenyewe nitakwenda kwao Jumamosi. Nataka kuona uso tu. Mwanamume asiyeweza kunionyesha uso wake, nikukabidhi kwake vipi? Nisipouona, kesho wewe na mimi tutakuwa na jibu moja."

Fundi alikuwa amekuja na hotuba nzima kichwani, ya upole, ya kumbembeleza mtu atoke. Ilikuwa imeyeyuka yote. Akashika nguo ya kwanza kapuni ili mikono ipate kazi, akaanza kuikunja.

Ilikuwa shati la bluu, alilomshonea mwenyewe kwa ajili ya siku ya kupeleka barua ya posa. Kidole gumba chake kikapita kwenye kifungo cha tatu na kusimama hapo.

Kifungo kile hakikushonwa na yeye.

Mtu mwingine angeona kifungo cheupe kwenye shati la bluu, basi. Fundi aliona mambo manne. Uzi wake hupita mistari miwili iliyolala pamoja. Huu ulikuwa umepita msalaba. Yeye huzungusha uzi chini ya kifungo ukatengeneza shingo. Hiki hakikuwa na shingo, kimebanwa kwenye kitambaa kama kinaogopa kuanguka. Uzi wenyewe ulikuwa mweupe wa maziwa, si ule wake wa bluu. Na fundo lilifungwa kwa mbele, mahali ambapo hakuna fundi duniani angeliacha.

Kuna mwanamke ameshika shati hili, Fundi akajiambia. Amelishika polepole, amelilaza mapajani.

Roho ilimuuma mpaka akahisi ladha ya chuma mdomoni. Akalitupia shati begani, akaenda hadi mwisho wa ukumbi, akakaa kwenye kigoda kwa kishindo.

"Mwalimu."

Sauti ya kike ilikatwa katikati ya neno. Halafu, kutoka ndani:

"Fundi? Umewahi leo."

"Nimefika saa zangu. Wewe ndiye uliyepitiwa, maana ulikuwa na mgeni."

"Ni Nukta. Si nimeshakuambia habari za Nukta?"

"Ulisema mnafanya kazi pamoja. Hukusema kazi yenyewe ni kuchekeshana."

"Fundi."

"Niambie na mimi nicheke. Amesema nini?"

Mwalimu alisita. Sauti yake ilikuja karibu zaidi na mlango, kama mtu aliyekaa sakafuni.

"Kwenye hii katuni kuna kijana, ana miaka minne hajatoka chumbani. Siku moja anaamua kutoka, kwenda dukani. Anaoga, anavaa, anafanya mazoezi ya kusema 'habari za leo' mbele ya kioo, mara ishirini. Anafika dukani, anakuta limefungwa. Basi anafurahi! Anarudi nyumbani mbio, amefurahi kuliko siku zote, kwa sababu ametoka na hakulazimika kuongea na mtu. Nukta akasema, 'Huyo ni mimi mtupu.' Ndiyo tukacheka."

Fundi aliitafuta sehemu ya kuchekesha, hakuiona.

"Mimi sijacheka," alisema.

"Najua. Hata mimi ningekuwa huko nje nisingecheka."

Hilo lilimchoma kuliko kicheko chenyewe. Wao wawili wako ndani, yeye yuko nje.

"Na msichana yumo kwenye hiyo katuni?"

"Yumo. Jirani yake. Anakuja mlangoni."

"Mzuri?"

"Amechorwa, Fundi."

"Sikuuliza kama amechorwa. Nimeuliza kama ni mzuri."

"Ana... ana subira."

"Aa." Fundi alikunja mikono kifuani. "Ana subira. Mimi miezi kumi nakaa kwenye kigoda hiki mpaka mgongo unaniuma, sijawahi kuambiwa nina kitu. Mtu wa penseli, siku mbili, ana subira. Unajua Kaka anakuja leo?"

"Mama ameniambia."

"Unajua anakuja kufanya nini?"

"Najua." Sauti ilishuka. "Tangu Jumatatu sijalala vizuri kwa ajili hiyo."

"Lakini kucheka umeweza."

Fundi alijua amemuumiza, na wivu una ubaya huo, ukishaonja damu unataka nyingine. Akalivuta shati kutoka begani.

"Na kifungo hiki amekishona nani?"

"Kifungo gani?"

"Cha tatu. Shati la bluu. Usinifanye mtoto, Mwalimu. Mama anakwenda sokoni kila asubuhi, nyumba inabaki wewe peke yako. Mimi nikibisha mlango huu haufunguki. Kuna mtu akibisha unafunguka?"

"Haufunguki kwa mtu yeyote. Naapa."

"Basi kifungo kimejishona."

"Fundi, ngoja. Ngoja kidogo." Kulikuwa na mkwaruzo wa kitu sakafuni. "Nitakueleza habari ya kifungo. Lakini kwanza tazama hii. Tafadhali. Ukiitazama halafu ukitaka kuondoka, ondoka, sitasema neno."

Kwenye upenyo wa chini ya mlango ikatokea simu yake, imesukumwa kwa ncha za vidole. Fundi aliviona vidole vile kwa sekunde chache, kucha zimekatwa vizuri, kabla havijarudi. Kwa miezi kumi hiyo ndiyo sehemu pekee ya mwili wake aliyokuwa ameiona. Moyo ukamlainika bila ruhusa yake, akaukaza tena.

Akaibonyeza picha ianze.

Alitarajia upanga, macho makubwa kama sahani, watu wanaruka mapaa. Hakukuwa na hayo. Kulikuwa na chumba. Pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo ili mwanga usipite hata uzi. Vikombe vitano kando ya kitanda, kila kimoja na kiwango chake cha chai iliyoganda. Kijana amelala anatazama dari, na mchoraji hakuwa na haraka, alimwacha alale. Kisha kukawa na mlio wa sahani inayowekwa chini nje ya mlango, na kwenye upenyo vivuli viwili vya miguu ya mama yake. Vivuli vilisimama. Kijana alizuia pumzi. Mama naye, nyuma ya mlango, alikuwa amezuia pumzi. Hakuna aliyesema kitu, vivuli vikaondoka, na kijana akaanza kuhesabu hatua kwa midomo mpaka jikoni.

Fundi alishusha macho kwenye sakafu ya ukumbi. Pale mbele ya mlango wa kahawia rangi ilikuwa imekwaruzwa kwa umbo la nusu duara, kazi ya sahani ya mama, asubuhi, mchana na jioni, miezi kumi. Alikuwa ameuweka mguu wake juu ya alama hiyo kila Jumamosi na hakuwahi kuiona.

Kwenye simu, yule msichana jirani alifika. Ni kweli alikuwa mzuri, tena bila juhudi, na Fundi alimchukia palepale. Msichana alikaa sakafuni, akaegemea ukuta. Chini ya picha yakatokea maneno.

*Sikuja kukutoa. Nimekuja kukaa.*

Fundi alirudisha picha nyuma, akasoma tena. Kisha yakaja mengine.

*Usipoongea, nitaongea ya watu wawili.*

Na mwisho kabisa, msichana akiwa ameshika kitasa bila kukizungusha:

*Nikichoka nitakuambia. Wewe usinichokee kabla sijachoka.*

Damu ilimpanda usoni. Aliikumbuka siku yenyewe. Ulikuwa mwezi wa pili tangu ajifungie, mvua inanyesha, amelia njia nzima na kujifuta hapo barazani ili mama asione, akakaa kwenye kigoda hiki na kusema maneno hayo hayo. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Aliona hata haya kwamba aliyasema.

"Maneno yangu!" Alipiga mlango kwa kiganja. "Umempa maneno yangu!"

"Fundi..."

"Yangu! Niliyatoa hapa, tumboni mwangu, wewe unayachukua unamvisha mwanamke mwingine! Halafu unakaa na mwanamke wa tatu mnayapanga!"

Simu ikaanza kulia mkononi mwake. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja, Nukta. Fundi hakufikiri. Akapokea.

"Mwalimu, umenikatia," sauti ya kike ilisema, nyembamba, yenye haraka. "Ule mstari wa mia mbili na kumi bado sijaukubali, nakuambia kabisa..."

"Mimi si Mwalimu."

Sauti ilikatika ghafla. Ikafuata pumzi tu.

"Wewe..." Nukta aliuliza polepole. "Wewe ndiye wa mlangoni?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye wa ndani."

"Dada, usikate. Tafadhali usikate, mimi kuongea na mtu nisiyemjua ni... ngoja." Alivuta pumzi mara mbili. "Sawa. Sikiliza. Kijapani nimejisomea mwenyewe, kidogo tu, lakini yule msichana najua anachosema. Anasema, 'Hujambo, nimekuletea vitabu.' Basi. Hayo mengine hayamo. Nilimwambia Mwalimu anaongeza chumvi, kazi ya kutafsiri si kubuni. Tumegombana wiki nzima. Nikamwambia, hakuna mtu anayezungumza hivi mlangoni kwa mtu, haya ni maneno ya vitabuni. Akaniambia, yupo. Akasema, 'Mimi ninaye.'"

Fundi akaibana simu zaidi sikioni.

"Nikaona wivu," Nukta alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Wewe? Unione wivu mimi?"

"Mimi huu mwaka wa tatu sijatoka, dada. Niko kwa shangazi yangu. Chakula kinawekwa, kinachukuliwa. Wa kubisha mlango wangu ni yule anayekuja kusoma mita ya umeme, naye hubisha vibaya, kama anakuja kukamata watu. Nikisoma hayo maneno yako huwa nayafuta. Halafu nayarudisha. Halafu nakwenda kukaa karibu na mlango, nayasoma kama nimeambiwa mimi."

Fundi alikuwa na majibu makali matatu yamepangwa ulimini, na hakuna hata moja lililofaa tena. Wivu haukuondoka, tusidanganyane. Ulikaa palepale, ila sasa haukujua umshike nani.

"Mwalimu," aliita mlangoni, taratibu. "Kifungo."

"Nilikishona mimi."

"Wewe huwezi hata kutunga uzi kwenye sindano."

"Niliweza mara ya kumi na sita."

Fundi alililaza shati mapajani, akaligeuza ndani nje. Akautazama uzi kwa macho ya kazi, si kwa macho ya kisirani. Ukitazama nyuma ya kifungo unaona mkono ulikotoka. Sindano ya mtu wa mkono wa kulia huingia hapa na kutokea pale. Hii ilikuwa imeingia pale na kutokea hapa. Kila mshono ulikuwa umeinama upande usio wake. Kilikuwa kifungo cha mtu wa kushoto.

Yeye, ambaye alilijua lile pindo la kushoto kabla hajamjua mwenye mkono! Alitamani kujipiga kofi.

"Ulijifunza wapi?" aliuliza.

"Kwako. Si huwa unaleta kazi zako za mkono hapo mlangoni, unasema kila unachokifanya? 'Sasa napita chini, sasa narudi juu, sasa nafunga.' Miezi kumi, Fundi. Ila sikuwahi kuona. Nilisikia tu."

Ndiyo maana hakikuwa na shingo. Kuzungusha uzi ni kazi ambayo huwa anaifanya kimya, ameubana ulimi kwa meno.

"Na kilikatika vipi?"

"Jumatano. Mama alipokwenda sokoni nilivaa lile shati. Nikasema kama kaka yako anakuja Jumamosi, nijizoeze. Nilifika sebuleni. Nilikizungusha kitasa cha mlango wa nje. Halafu jirani akapita anaimba, nikajivuta shati mwenyewe kama nakabwa, kifungo kikaruka. Nilikitafuta chini ya kochi kwa mikono na magoti. Mama alirudi akakuta mlango huo wa nje uko wazi, akaulaumu upepo."

Huko sebuleni Mama, ambaye kwa muda wote huo alikuwa ameikunja taulo moja mara sita, alikaa chini na kujifunika uso kwa taulo hiyo.

Na wakati huo huo geti likagongwa.

Saa kumi na moja kamili. Kaka hakuwahi kuchelewa mahali popote maishani mwake, hata mahali ambapo ingekuwa heri achelewe. Sauti yake nzito ilimsalimu Mama, Mama akajibu maneno yasiyo na mpangilio, na hatua zake zikaja ukumbini. Alikuwa mwanamume mkubwa, amevaa suruali ya pasi kali, na alipomwona dada yake kwenye kigoda, macho mekundu, shati la kiume mapajani na simu mkononi, uso wake ukakunjamana.

"Kumbe ndivyo unavyokaa," alisema. "Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi, Kaka."

"Na mlango ndio huu."

"Ndio huu."

Alisimama mbele yake, miguu imetengana, akaujaza ukumbi wote. Kutoka ndani hakukusikika hata pumzi. Fundi alitazama chini na kuona vivuli viwili vya viatu vya kaka yake vikiingia kwenye upenyo, vyeusi, vipana. Akaelewa jinsi vinavyoonekana kutoka upande wa pili.

"Kaka, kaa chini."

"Nikae wapi? Kigoda ni kimoja."

"Sakafuni."

"Sakafuni! Na suruali hii?"

"Umesema unataka kuuona uso wake. Ukisimama hivyo hata mimi ningejificha. Kaa chini, Kaka, nakuomba. Mimi nitakupigia pasi."

Kaka aliivuta suruali magotini. Kisha, akiguna na kushikilia ukuta, akajishusha, goti moja, la pili, mpaka akakaa sakafuni kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Tai ilimlalia tumboni. Fundi akalifungua shati, akalisukuma kupitia upenyo taratibu, mkono wa kushoto kwanza. Shati likavutwa ndani.

Walisubiri. Ilisikika nguo ikivaliwa. Ilisikika hatua mbili, kisha kimya, kisha hatua moja ya kurudi nyuma. Ufunguo ulizunguka nusu. Ukarudi. Kaka alifungua mdomo, Fundi akamwekea kiganja begani, akaufunga.

Ufunguo ukazunguka wote.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja, na Mwalimu alikuwa pale, amejishika kwenye fremu. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimechongwa upande mmoja vizuri kuliko upande wa pili. Jasho lilimtoka kwenye paji kama siku ile ya darasani, na mdomo ulifunguka kama siku ile ya darasani, na hakuna kilichotoka. Fundi aliliona lile jambo likija. Aliona koo lake likipanda na kushuka bure. Maneno ya watu wawili yalikuwa tayari ulimini mwake, angeweza kuyasema yote, angeweza kumwokoa.

Akaubana ulimi kwa meno, kama afanyavyo anapozungusha uzi. Akamwachia.

"Ka..." Mwalimu alisema. Akafumba macho. "Karibu, Kaka."

Kaka alimtazama kutoka chini. Alimtazama ndevu, akamtazama miguu pekupeku, akamtazama kifungo cha tatu kilichokaa kombo.

"Asante, shemeji," alisema. "Umekonda."

Neno lile lilipita ukumbini, na Mama kule sebuleni akaachia kilio ambacho alikuwa amekibana kwa miezi kumi. Kaka hakugeuka. Alikuwa anajipapasa mfukoni akitafuta simu yake. "Wale wageni wa kesho nitawapigia mwenyewe. Nisaidieni kwanza kuinuka."

Mikono miwili ilinyooshwa kumsaidia, mmoja kutoka ukumbini na mmoja, wa kushoto, kutoka kwenye ule upana wa kiganja uliokuwa sasa upana wa bega. Juu ya mgongo wa Kaka vidole vyao vikagusana. Hakuna aliyeviondoa. Fundi akakitazama kile kifungo cha kombo na kuapa moyoni kwamba hatakigusa, kitakaa hivyo hivyo mpaka shati liishe.

Ndipo simu aliyokuwa ameisahau mkononi ikatoa sauti nyembamba.

"Dada? Dada, amefungua?"

Fundi aliipeleka sikioni. Alimtazama mwanamume wake, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka kwenye sauti ile kwa furaha ya wazi kabisa, na wivu ukamchoma mara moja nyingine, hapa chini ya titi la kushoto, mkali kama sindano.

"Amefungua," alisema. "Sasa na wewe niambie unakaa wapi. Jumatano sina kazi nyingi, na kigoda ninacho."